Sitaongeza, Sitapunguza

"Kadi namba arobaini na moja, karibu!"

Niliita bila kuinua kichwa, maana kalamu ilikuwa imegoma na nilikuwa naisugua kiganjani. Pazia la turubai likasogezwa. Nikasikia pumzi za mtu aliyetoka mbali. Nikainua macho.

Jamani! Aliyesimama pale alikuwa mama mkwe wangu mtarajiwa.

"Loyce?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mkono wake ulikuwa bado umeng'ang'ania pazia. "Wewe unafanya nini huku?"

"Natafsiri, mama. Si niliaga kwamba nakwenda kujitolea kwenye kambi ya wamisheni, Handeni?"

"Handeni ni kubwa, mwanangu. Mimi sikujua ni Kwamsisi."

Ngoja niwaeleze. Mama huyu anaitwa Rosina, mjane, mkulima wa Mnyuzi kule Korogwe, nyumba yake iko hatua chache tu kutoka kwenye reli. Mwanawe wa pekee, Simeo, ni fundi wa kuchomelea mageti Korogwe mjini, na ndiye mchumba wangu. Mahari ilishapokelewa kwetu Vugiri, na Jumapili iliyokuwa inakuja tangazo letu la kwanza la ndoa lilikuwa lisomwe kanisani Mnyuzi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huko huko Korogwe. Shule zilikuwa zimefungwa, na kikundi cha madaktari na wauguzi Wakristo kutoka Norwei kilikuja kujitolea wiki moja kutibu watu Kwamsisi. Kanisa likatafuta wenye Kiingereza cha kueleweka, na mimi nikanyoosha mkono haraka haraka kama mtoto wa darasa la pili.

Mama Rosina alikuwa ameiacha hospitali Korogwe, akaipita Segera, akapanda pikipiki kwenye vumbi lote lile mpaka Kwamsisi, kwa sababu moja tu. Alitaka kwenda mahali ambapo hakuna anayemjua. Na huko alikokimbilia akanikuta mimi nimekaa kwenye kiti cha katikati.

"Mwambie akae," akasema Daktari Inge kwa Kiingereza. Daktari huyu alikuwa mama wa miaka kama sitini hivi, nywele nyeupe kichwa kizima, mpole.

"Daktari, huyu namfahamu. Naomba aje mkalimani mwingine."

"Wengine wote ni wanaume, Loyce. Ngoja tumuulize mwenyewe."

Nikamuuliza. Mama Rosina akautazama mlango, akanitazama mimi, akakaa taratibu.

"Si mliapa nyinyi? Nimesikia huko nje kwenye foleni."

"Tuliapa, mama."

Ni kweli. Asubuhi ya kwanza wakalimani wote tuliweka mkono juu ya Biblia mbele ya Mchungaji Abraham, aliyetuleta kutoka Mnyuzi, akarudi siku hiyo hiyo. Kiapo kilikuwa kifupi, hata mtoto angekishika: sitaongeza, sitapunguza, sitatoa nje.

"Basi endelea," akasema, akaanza kufungua vifungo.

Nikageukia turubai. Kwetu mkamwana hamtazami mama mkwe namna hiyo. Hata akibadilisha kanga tu unatoka nje. Nilibaki nahesabu mishono ya lile turubai na masikio yanawaka moto.

Daktari alichukua muda mrefu. Mno. Kisha akavua glavu, akasema polepole ili nisipoteze neno:

"Mwambie uvimbe huu unanitia wasiwasi mkubwa. Ni mgumu, umeshika ngozi, na kwapani kuna mwingine. Inaweza kuwa saratani. Aende hospitali ya mkoa wiki hii hii. Asingoje. Kila wiki inayopita inampunguzia nafasi ya kupona."

Nikageuka. Mama Rosina alikuwa ameshajifunika, ananitazama usoni, anangoja. Mwanamke aliyenipa kanga yake mwenyewe siku ya posa. Nitamtamkia vipi habari ya titi lake na kifo chake kwa pumzi moja, mimi mtoto wa watu ambaye hata ndani kwake sijaingia?

"Anasema... kuna kauvimbe, mama. Ukipata nafasi uende Tanga wakakupime, kwa uhakika tu."

"Nikipata nafasi?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa hiyo hata baada ya harusi?"

Daktari akaniuliza, "Anasema nini?"

"Anauliza ni hospitali gani," nikamjibu kwa Kiingereza. Nikamgeukia mama. "Hata baada ya harusi, mama. Hamna shida."

Uso wake ukafunguka. Akacheka kidogo, akashukuru Mungu. Nami nikacheka naye! Haki ya Mungu, nilicheka.

Daktari akaandika barua ya rufaa, akaifunga kwenye bahasha. Mama akaitia ndani ya blauzi, akasimama.

"Loyce, Simeo asijue. Ukimwambia ataacha kazi, ataanza kulia lia, na watu watakuja harusini kunionea huruma. Miaka ishirini nimelima peke yangu nikiingoja siku hiyo. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

Alipotoka nilijiambia mchana nitamfuata nimweleze vizuri. Mchana ulipofika, mwenye pikipiki akaniambia alishampeleka barabarani zamani.

* * *

Siku ya kufunga kambi Simeo alinifuata kwa pikipiki. Alikuta watu wamekusanyika wanaagana. Kiongozi wa kikundi akasimama akanisifu mbele ya wote, halafu akasema kanisa lao lingependa kunialika Norwei mwaka mzima, nijitolee kwenye nyumba yao ya wazee, nauli juu yao. Watu wakapiga makofi. Simeo peke yake hakupiga.

Njiani akaniuliza, upepo unampiga mdomoni.

"Utakwenda?"

"Siendi kokote, Simeo."

"Mwaka mzima, Loyce. Nauli juu yao."

"Nimesema siendi. Wewe angalia barabara, utatumwaga."

"Basi mbona huna raha?"

"Nimechoka tu."

Mikono yangu ilikuwa imekizunguka kiuno chake, na moyoni nilikuwa nasema: mama yako anaumwa, mama yako anaumwa, mama yako anaumwa. Nilipotaka kufungua mdomo nikakikumbuka kiapo. Sitatoa nje. Nikajificha ndani ya neno hilo, nikafunga na mlango.

Jumapili, Mchungaji Abraham akasoma tangazo la kwanza. Simeo Matayo wa Mnyuzi na Loyce Kiondo wa Vugiri. Mwenye kujua sababu ya kuzuia ndoa hii na aseme. Kanisa likapiga vigelegele, na cha mama Rosina ndicho kilichokuwa kirefu kuliko vyote.

Baada ya ibada nikamvuta pembeni.

"Mama, lile suala la Tanga..."

"Shiii! Si ulisema nikipata nafasi? Nafasi nitaipatia wapi sasa hivi? Mchele haujapetwa, majirani wanashona sare. Usinitie hofu bure, mkamwana."

"Ndiyo, mama."

Mnaona? Neno nililolitoa mwenyewe kinywani ndilo hilo hilo alilonirudishia. Jumatatu simu ikaita, namba ya Norwei. Sikupokea. Ukaingia ujumbe kwa Kiingereza: "Loyce, kadi 41 ameshafika hospitali? Tafadhali nijibu."

Jumatano: "Loyce, bado namfikiria yule mama. Siku zinakwenda."

Ijumaa simu ikaita mara tatu, Simeo akiwa amekaa kwangu Korogwe anakula ugali.

"Pokea."

"Ni wale wa kambini, nitawapigia."

"Sasa kwa nini unaigeuza simu kifudifudi?"

"Kula chakula, Simeo, kinapoa."

Akala, lakini macho hayakutoka kwenye ile simu. Nami sikumeza hata tonge. Usiku nikiota, naota turubai. Shule zilishafunguliwa, na mchana nikifuta ubao nafuta mahali pamoja tu mpaka watoto wanauliza, "Mwalimu, unaumwa?"

Jumapili ya pili ndipo nilipoogopa kweli kweli. Tangazo likasomwa, kwaya ikaimba, watu wote wakainua mikono. Mama Rosina akainua mmoja tu. Wa kushoto ulifika kifuani, ukasimama hapo. Akauteremsha taratibu, akajifanya anatengeneza kitambaa kichwani. Nilimwona akiuma mdomo. Mimi peke yangu, kanisa zima, nilijua kwa nini.

* * *

Ijumaa iliyofuata, saa kumi na moja jioni, Simeo aliingia kwangu bila kupiga hodi. Alikuwa na nguo za kazi bado, na yale matundu ya cheche kifuani.

"Lete simu."

"Ya nini?"

"Loyce, mimi si mtoto. Wiki ya tatu hii. Huli, hucheki, ukiniona unashtuka kama umeona nyoka. Wazungu wanapiga asubuhi na jioni. Kama unakwenda, sema unakwenda!"

"Siendi, Simeo, naapa."

"Basi wanataka nini?"

Nikaichukua simu, nikaibana kifuani.

"Una siri?"

"Ninayo."

"Ni ya kwako?"

"Si yangu."

"Ya nani?"

"Siwezi kukwambia. Niliapa kwenye Biblia."

Alicheka kile kicheko cha mtu aliyeumizwa. Akakaa kitandani, akashika kichwa.

"Nisikilize vizuri. Jumapili ni tangazo la tatu. Likishasomwa hilo, Jumamosi yake wewe ni mke wangu. Mimi siwezi kuoa mtu ambaye hata simu yake inaniogopa. Usiponiambia mpaka Jumapili, mchungaji akiuliza nani ana pingamizi, nitasimama mwenyewe."

"Simeo, utaniaibisha mbele ya wazazi wangu?"

"Nitajiaibisha na mimi. Tutakuwa wawili."

"Simeo!"

Alishatoka. Nikasikia pikipiki ikiwaka, ikanguruma, ikapotelea barabarani.

Nilikaa chini, sakafuni, nikalia mpaka kichwa kikaniuma. Na katikati ya kulia ndipo lilipoingia lile wazo ambalo nilikuwa nalikimbia wiki tatu nzima. Kiapo kilinikataza kutoa nje. Hakikunikataza kumwambia mwenyewe mwenye mwili. Nilikuwa nimejificha kwenye neno la tatu ili nisilitazame la pili. Sitapunguza. Nilipunguza! Na kama yule mama angekufa, asingeuliwa na uvimbe peke yake.

* * *

Jumamosi asubuhi nilishuka Mnyuzi. Nilimkuta jikoni, anachambua mchele wa harusi kwenye ungo. Mkono wa kushoto ameulaza mapajani.

"Hodi, mama. Shikamoo."

"Marahaba, karibu. Mbona macho mekundu? Mmegombana na mwenzio?"

"Mama, ile barua ya daktari iko wapi?"

Vidole vikasimama kwenye ungo.

"Ya nini tena?"

"Naomba uilete. Na Biblia yako."

"Loyce, unanitisha."

"Na mimi naogopa, mama. Naogopa sana. Ilete tu."

Akaingia ndani, akarudi navyo. Bahasha ilikuwa haijafunguliwa. Angeifungua asomewe na nani, wakati msomaji wa Kiingereza nyumbani kwao ni Simeo peke yake? Nikapiga magoti pale pale kwenye majivu, nikaweka mkono juu ya Biblia.

"Kule Kwamsisi nilikudanganya. Daktari alisema kitu, mimi nikakwambia kingine. Nilikuonea haya na nilikuogopa. Mpaka leo ananipigia simu kuuliza kama umefika hospitali. Sasa nitasoma kama alivyoandika. Sitaongeza, sitapunguza."

Nikachana bahasha.

"Mgonjwa ni mwanamke wa miaka hamsini na nane. Ana uvimbe mgumu kwenye titi la kushoto, umeshikamana na ngozi."

"Endelea."

"Kuna uvimbe mwingine kwapani. Nina shaka kubwa kwamba ni saratani."

Akaushika ukingo wa ungo. Nikaishusha barua.

"Nimesema endelea!"

"Naomba aonwe haraka, ndani ya wiki hii. Kuchelewa kutahatarisha maisha yake."

"Tarehe?"

Nikamtajia. Akahesabu kwa vidole, midomo inacheza.

"Imeishia hapo?"

Kulikuwa na mstari mmoja zaidi. Mungu anajua nilivyotamani kuuruka.

"Mgonjwa ameelezwa uzito wa hali yake kupitia mkalimani."

Treni ya mizigo ikapita, vyombo vikagongana kwenye kichanja. Tukangoja ipite. Ilipopita, mama Rosina alikuwa bado ananitazama.

"Nilikuuliza, hata baada ya harusi? Ukasema hamna shida."

"Nilisema, mama."

"Ukacheka."

"Nilicheka."

"Ulitaka harusi kuliko uhai wangu?"

"Hapana, mama! Niliona aibu. Nilikuona umejifunika, ukanitazama, na mimi..."

"Ondoka."

"Mama, nisamehe. Twende Tanga leo leo, nitakupeleka."

"Loyce, ondoka mbele yangu. Nisije nikasema neno nikashindwa kulirudisha."

Niliondoka. Sikumbuki nilivyofika barabarani.

* * *

Jumapili baba na mama walishuka kutoka Vugiri kwa ajili ya kikao cha mwisho cha harusi. Mama yangu alikuwa amevaa kitenge kipya, anasalimiana na kila mtu, anajidai. Kila alipocheka mimi nilisikia kisu. Simeo alikaa upande wa wanaume, benchi la pili, shati jeupe, hakunitazama hata mara moja. Mama Rosina alikaa mbele kabisa, mgongo umenyooka.

Nikajiuliza, kati ya hawa wawili atasimama yupi? Simeo akisimama, ndoa imekufa. Mama akisimama, imekufa na mimi nimekuwa mwuaji mbele ya ukoo wangu wote.

Mchungaji Abraham akavaa miwani.

"Tangazo la tatu na la mwisho. Simeo Matayo wa Mnyuzi na Loyce Kiondo wa Vugiri. Mwenye kujua sababu ya kuzuia ndoa hii, aseme sasa."

Nikaona bega la Simeo likisogea. Nikaona mkono wake ukishika benchi la mbele. Nikafumba macho.

"Mimi nina neno, mchungaji."

Ilikuwa sauti ya mwanamke. Kanisa likaguna lote kwa pamoja. Nikafumbua macho, na mama Rosina alikuwa amesimama, mkono wa kulia umeushika wa kushoto. Simeo alikuwa nusu amekaa nusu amesimama, mdomo wazi.

"Mama Simeo," akasema mchungaji, "una pingamizi?"

"Ninalo. Sina pingamizi na bibi harusi. Nina pingamizi na tarehe."

"Tarehe?"

"Ninaumwa, mchungaji. Nimeumwa miezi mitano, nimeficha. Nilikwenda Kwamsisi kwa wale wamisheni kusudi nisijulikane. Huyu mkamwana wangu akawa ndiye mkalimani, na mimi ndiye niliyemfunga mdomo asimwambie mwanangu. Wametuma salamu kutoka huko kwao kila siku kuulizia kama nimekwenda hospitali. Sijakwenda. Wanasema huenda ni saratani."

Simeo akasema, "Mama?" kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Nyamaza, sijamaliza. Mchungaji, keshokutwa Jumanne nakwenda Tanga. Sijui nitarudi lini, na sijui nitarudi vipi. Sasa Jumamosi mnayoisema nyinyi, mimi sitakuwepo. Tangazo la tatu si umeshalisoma?"

"Nimelisoma."

"Cheti kipo?"

"Kipo, mama."

"Basi wafungishe kesho."

"Kesho ni Jumatatu, mama Simeo. Sijawahi kufungisha ndoa Jumatatu."

"Kesho utaanza."

Mtu mmoja nyuma akacheka, halafu akalia, na baada ya hapo sijui nani hakulia.

* * *

Nje, Simeo alinikuta nyuma ya kanisa. Nilimwambia yote kabla hajauliza. Nilimwambia habari ya "ukipata nafasi." Nilimwambia nilicheka. Mama yake alikuwa amelificha hilo mbele ya watu, amenisitiri, lakini kwake nisingeweza.

"Kwa hiyo si kwamba ulinyamaza tu. Ulimdanganya."

"Nilimdanganya."

"Wiki tatu, Loyce."

"Wiki tatu."

Akanigeuzia mgongo, akatembea mpaka kwenye reli. Akasimama pale jua linampiga kichwani. Nilijua nikimfuata nitaharibu, nikikaa nitakufa. Nikakaa. Aliporudi macho yalikuwa mekundu.

"Nimekasirika," akasema. "Na kesho nitakuwa bado nimekasirika."

"Sawa."

"Lakini nitakuja."

"Simeo..."

"Jana mama alinipigia simu. Nilipomwambia nitasimama, akasema, kesho usifungue mdomo kabla yangu. Sikumsikiliza, nilikuwa nasimama kweli. Amenishinda kwa sekunde mbili." Akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Kama ungenyamaza, na mimi nisisimame, Jumamosi ningekuoa, na mama angekufa mimi nacheza muziki. Umechelewa, lakini ulikwenda mwenyewe kumwambia. Hilo nalishika. Mengine nipe muda."

Tulifunga ndoa Jumatatu saa nane mchana. Gauni halikuwa limefika, nikavaa kitenge kipya cha mama yangu. Simeo alinivisha pete bila kutabasamu, ila aliponishika mkono hakuuachia mpaka tulipotoka nje. Wali ulikuwa na mchanga kidogo kwa sababu mchele ulichambuliwa kwa mkono mmoja, na hakuna aliyelalamika.

Kabla hatujaondoka Jumanne, nilimwandikia Daktari Inge: "Kadi 41 anakwenda leo. Nilikosea kutafsiri siku ile. Ni mama mkwe wangu."

Jibu lilikuja tukiwa njiani. "Asante kwa kuniambia ukweli. Ninaomba pamoja nanyi. Uwe karibu naye."

* * *

Tanga walimkata kipande kidogo cha nyama cha kupima, wakampiga picha za mashine, wakatuambia tungoje majibu. Tulingoja wiki mbili, na zile wiki mbili sizitamani hata kwa adui. Mama Rosina alizungumza na mimi kwa maneno ya lazima tu. Leta maji. Funga mlango. Asante.

Siku ya majibu tuliingia watatu. Daktari alikuwa kijana, wa hapa hapa, Kiswahili chake kimenyooka. Akafungua faili.

"Mama, majibu yako..."

"Ngoja, baba," akasema mama Rosina. "Usiniambie mimi. Mwambie huyu."

Daktari akanitazama, akamtazama Simeo.

"Mama, mimi nazungumza Kiswahili."

"Nakusikia. Nina mkalimani wangu. Mwambie yeye, yeye ataniambia."

Akaziba masikio kwa viganja, mkono wa kushoto ukipanda kwa shida, na akafumba macho. Daktari akanieleza taratibu. Nikauliza maswali mawili, akajibu. Simeo alikuwa ameshika ukingo wa meza. Nikageuka, nikapiga magoti mbele ya mama, nikamteremsha mikono.

"Mama."

"Usiongeze."

"Siongezi."

"Usipunguze."

"Sipunguzi, mama. Ni saratani. Imeingia kwapani, ndiyo maana mkono unauma. Haijafika kwenye mapafu wala kwenye ini. Watakupa dawa kali kwanza, nywele zitatoka, kisha wataliondoa titi lote. Wanadhani utapona."

"Wanadhani?"

Ilikuwa rahisi sana kusema neno jingine, zuri zaidi. Lilikuwa limefika ulimini.

"Wanadhani, mama. Hawana uhakika."

Alinitazama muda mrefu, kama siku ile ya turubai. Kisha akanishika kichwa kwa ule mkono mbovu, akanivutia kifuani kwake, upande ule ule unaouma.

"Sasa nimekusikia," akasema. "Simeo, mshike mkeo, anatetemeka."